Nakala Safi

4 Juni

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu kwanza, mengine baadaye. Hujambo? Miguu yako imepungua kuvimba? Sisi huku tunapumua. Mgongo wangu ndio ule ule, na sauti imenikauka tangu Jumatatu kwa kurudia sentensi moja mara arobaini. Mwanao Chiriku yu buheri wa afya. Anakula, anacheka, anaongea tangu anapofumbua macho. Jana kamsimulia jirani mechi nzima ambayo hakuiona, na jirani akaamini mpaka bao la mwisho.

Najua ungependa nikupigie, lakini simu ya bweni lenu la wafanyakazi iko koridoni na masikio manane yanasikiliza. Jambo hili si la koridoni.

Darasa langu la wanaokwama kusoma bado liko kwenye kile chumba kilichokuwa stoo ya mipira. Wameniongezea mwanafunzi wa saba, kiti hawakuongeza. Wote ni wa darasa la saba, miaka kumi na mitatu, kumi na minne, na hakuna anayemaliza ukurasa bila kutoka jasho. Yupo tunayemwita Fundi: kila nikimwambia asome, kalamu yake imeharibika na lazima aitengeneze kwanza. Yupo Ndiyo Mwalimu. Ukimuuliza umeelewa, anasema ndiyo mwalimu. Ukimuuliza umeelewa nini, anasema ndiyo mwalimu. Na yupo Chiriku wetu.

Ndani ya bahasha hii kuna fomu. Mwisho wa mwaka kuna ule mtihani wa kuvuka kwenda madarasa ya juu. Mtoto mwenye ugumu wa kusoma anaweza kupewa mtu wa kumsomea maswali kwa sauti, chumba cha peke yake, na nusu saa ya nyongeza. Majibu ni yake mwenyewe. Anasomewa maswali tu. Lakini lazima mzazi atie saini. Mama mkubwa hakubaliki, nimeuliza mara mbili. Mwisho wa kupokea fomu ni tarehe 30 Septemba. Bila saini yako ataketi ukumbini na wenzake, karatasi kurasa kumi na mbili, na muda utaisha akiwa ukurasa wa tatu. Hatavuka.

Nimechora alama ya penseli pale pa kutia saini. Usichelewe, tafadhali.

Dada yako

27 Juni

Dada,

Shikamoo. Mimi sijambo. Miguu imerudi kuwa miguu, tangu msimamizi anihamishie kazi ya kukunja mashuka, maana kupiga pasi siku nzima umesimama si kazi, ni adhabu. Nafurahi mnapumua.

Fomu nimeipata. Nimeisoma mara tatu, na ya tatu nimeisoma kwa hasira. “Mimi mzazi nathibitisha kuwa mtoto wangu ana ugumu wa kujifunza.” Nani? Chiriku? Dada, una nini, au joto la hiyo stoo limekupanda kichwani?

Nina barua zake kumi na saba chini ya mto wangu. Ngoja nikunukulie ya Aprili, maana naona unaishi na mtoto lakini humjui: “Mama mpendwa, mvua zimeanza na bustani yetu imependeza. Ninasoma kwa bidii, na Mama Mkubwa hunisaidia ninapokwama. Usiwe na wasiwasi juu yangu.” Nukta mahali pa nukta, mkato mahali pa mkato! Nimewasomea wenzangu kwenye chumba cha kufulia, tukazima mashine, na msimamizi wetu ambaye hajamsifu mtu tangu azaliwe akasema huyu ataandika vitabu. Leo niwaambie nini? Kwamba mwandishi hajui kusoma?

Alivyokuwa darasa la tano sijasahau. Nilikuachia mtoto asiyeweza kusoma hata kibao cha duka, nikakwambia wewe ndiye mwalimu, mshike. Ukamshika. Nakushukuru kila siku ya Mungu. Basi usiharibu kazi yako mwenyewe. Karatasi kama hii ikishaandikwa haifutiki. Atakwenda nayo shule nyingine, ataombea nayo kazi, na siku ya kuchumbiwa atatokea mtu wa kuikumbuka.

Sitii saini. Na umtoe humo stoo, akae darasani na watoto wenzake.

Mdogo wako

19 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Nashukuru miguu imepona. Ulimi nao naona hauna ugonjwa wowote. Sisi wazima, ila nimepata mafua ya watoto, yale yanayokuja na wanafunzi saba katika chumba chenye dirisha moja.

Barua yako niliiweka chini ya madaftari siku nne ili nisijibu kwa pupa. Nikueleze tu nilichokiona Jumanne. Kila Jumanne namsikiliza mmoja mmoja akisoma kwa dakika moja, nami nina saa na karatasi ya kuweka alama. Chiriku anakuja na kile kikadi tulichokikata kidirisha katikati, ili aone neno moja na mengine yasimrukie machoni. Maneno mafupi anayapita. Likija refu, tuseme “hawakumsubiri”, anashika mwanzo, ananitazama usoni, mwisho anabahatisha. Dakika ilipoisha alikuwa na maneno thelathini na manne. Wenzake wa darasani wanasoma mia na zaidi. Mwaka ulipoanza alikuwa na kumi na tisa, kwa hiyo usidhani tunacheza humu. Lakini mtihani hautamngoja.

Hadithi ile ile nilipomsomea mimi, alijibu maswali yote tisa, na la tisa akaniambia limetungwa vibaya. Nikalitazama. Kweli lilikuwa limetungwa vibaya, na niliyelitunga ni mimi. Sasa niambie, huyo ni mjinga? Akili anayo tele. Ni kule kuyatoa maneno kwenye karatasi ndiko kunakomshinda, na ndiyo maana ya fomu.

Kuhusu barua zake, mdogo wangu, barua ni barua. Mtoto husaidiwa kidogo. Usimpime kwa hizo.

Zimebaki wiki kumi.

Dada yako

9 Agosti

Dada,

Shikamoo. Sijambo, miguu haijambo, wote hawajambo.

Kidogo ni kiasi gani?

Nimekaa na neno lako hilo siku nane. Jana nilikuwa na mapumziko, nikazitoa barua zote chini ya mto nikazipanga sakafuni. Ya kwanza ina “aidha”. Ya kumi ina “hata hivyo”. Mtoto wa miaka kumi na miwili anasema “hata hivyo”? Mtu ninayemjua mimi anayesema “hata hivyo” huku anatafuna ni mmoja tu hapa duniani, na si mwanangu.

Nijibu hilo tu. Mengine sitaki.

Mdogo wako

26 Agosti

Mdogo wangu,

Sina uso wa kukuuliza hali, lakini hujambo? Mtoto mzima. Mimi nipo.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nimeyaficha mwaka na nusu. Keti kwanza.

Barua zile ni zake na si zake. Kila mwezi anakaa kwenye meza ya jikoni anaandika mwenyewe, saa nzima, ulimi nje, kisha ananipa. Ya kwanza nilipoiona ilivyo nikaona aibu. Si aibu yake, yangu. Nikafikiri, mdogo wangu ameacha mtoto kwa dada yake mwalimu, na hiki ndicho atakachokipata? Nikaiandika upya kwa usafi, nikampa anakili. Kunakili anaweza. Anaweka herufi moja baada ya nyingine kama anayechora, mwandiko unatoka mzuri, lakini akinakili hasomi. Wewe umeona mwandiko wa mwanao ukaamini. Naye anaamini kwamba kila alichokuandikia kimekufikia.

Mwalimu ana ugonjwa wake. Akiona kosa, mkono hautulii. Nilianza na herufi. Kisha nikanyoosha sentensi. Kisha nikaanza kutoa maneno niliyoona yatakuumiza bure, wewe uko mbali na mashuka yako na huna la kufanya. Nilijiambia nakuhurumia. Ukweli ni kwamba nilitaka uone nimeweza. Miaka ishirini nafundisha watoto wa watu, wengine wanatoka walivyoingia, na wale wanaotoka wanasoma husema ni akili zao wenyewe. Nilitaka mmoja anisifie. Ukanisifia, nikanogewa.

Za mwanzo sikuzitupa. Mwalimu hatupi karatasi. Zote zimo humu, na miezi nimeandika pembeni kwa penseli. Hazisomeki upesi. Soma polepole, soma kwa sauti, utamsikia.

Fomu nyingine imo pia, kama ile umeichana. Zimebaki siku thelathini na tano. Nitukane upendavyo, nimekwisha kujitukana, ila tia saini.

Dada yako

14 Septemba

Mdogo wangu,

Hujambo? Nauliza na nangoja.

Posta nimekwenda mara nne. Karani sasa ananitikisia kichwa kabla sijafika dirishani. Ijumaa mwalimu mkuu ameniuliza mbele ya wenzangu, “Fomu sita nimeziona, ya mtoto wa nyumbani kwako iko wapi?” Nikasema iko njiani. Sijui kama ilikuwa kweli.

Nikwambie na hili, maana nimemaliza kukuficha mambo. Alhamisi nilikaa na fomu tupu mbele yangu. Saini yako naijua kuliko yangu, na ule mkia wake unaorudi nyuma. Ningeiweka kwa sekunde mbili, na hakuna ambaye angejua. Nikaifungia fomu kabatini na ufunguo nikampa mwalimu wa hesabu. Nimeandika kwa niaba ya watu vya kutosha.

Kama unakataa, kataa kwa mkono wako, nipate cha kumwambia mtoto. Zimebaki siku kumi na sita. Nimechoka kuzihesabu.

Dada yako

16 Septemba

Dada,

Shikamoo. Kuamkia ni wajibu, kwa hiyo nimekuamkia. Hali yangu si nzuri, na safari hii miguu haihusiki.

Mzigo wako ulifika tarehe tatu. Nimezisoma wakati wa mapumziko, nimekalia mifuko ya mashuka machafu, barua moja kwa siku, mbili nikijitahidi. Nilisoma kwa kidole. Nilisoma kwa sauti kama ulivyosema, wenzangu wakadhani naomba dua. Ukurasa mmoja unanichukua robo saa, mimi ninayemaliza gazeti kabla chai haijapoa. Yale ya stoo niliyokuwa nakubishia, nikayaelewa hapo.

Lakini si herufi zilizoniliza. Ni barua ya pili. Umeandika pembeni, Februari. Nanakili kama ilivyo, na wewe usiisahihishe kwa macho:

“mama ulidoka kwa sabu ya kazi au kwa sabu nilishka mkia. nijbu”

Ya Machi ina swali hilo. Ya Aprili ya mwaka ule inalo. Ya Mei inalo, na ameongeza “tafadhli”. Ya Juni halimo tena. Nimezilinganisha na zile safi, moja moja. Mahali pa swali la Februari uliweka “nakutakia kazi njema”. Dada! Mwanangu ameniuliza mara nne kama nimemkimbia, nami mara nne nimemjibu nafurahi shule inaendelea vizuri. Ulimziba mtoto mdomo, na mimi nikakushukuru.

Unajua kwa nini aliuliza? Wewe hukuwepo. Siku ya matokeo, aliposhika mkia darasa zima, nilimwambia mbele ya majirani, “Heri ningezaa jiwe, ningelijengea.” Wiki tatu baadaye nikabeba mizigo. Kazi nilikuwa nimeiomba mwaka mzima kabla ya hapo, lakini yeye angejuaje? Nilidhani amesahau. Watoto husahau, si ndivyo tunavyosema tunapotaka kupata usingizi?

Nimekukasirikia mpaka nikayafua upya mashuka yaliyokwisha kufuliwa, msimamizi akaniondoa kwenye mashine. Kisha nikakumbuka nani anayemlisha. Basi nimekukasirikia kiasi. Kiasi kingine nimebaki nacho mwenyewe, maana ukiniuliza kama ningezipenda zile barua za kweli, mwaka jana, mbele ya wenzangu, sijui ningesema nini.

Saini hii hapa. Nimeiweka kwenye fomu zote mbili, wachague wanayoitaka. Ana ugumu wa kusoma, na mama yake anathibitisha. Mwenzangu wa zamu anakuja likizo huko, ataileta mkononi mwako. Posta siiamini.

Humo ndani kuna bahasha ndogo ya Chiriku. Nimetumia maneno mafupi na nimeacha nafasi kubwa kati ya mistari. Usimsomee. Usimsaidie asipoomba. Na akiandika, usiguse, hata kama ameandika kwamba ananichukia.

Mdogo wako

5 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimeipokea, hata kama ni ya wajibu. Hujambo huko? Wamekurudisha kwenye mashine?

Mwenzako alifika tarehe ishirini na sita. Alikataa hata maji mpaka anikabidhi bahasha, akasema umemwapisha. Fomu niliipeleka mwenyewe asubuhi yake. Karani wa mitihani aliigonga muhuri akaitupia kwenye trei, kazi ya sekunde tatu. Nilibaki nimesimama pale, sijui nilikuwa nangoja nini, mpaka akaniuliza kama nina shida nyingine. Nikasema sina. Chiriku atasomewa mtihani wake na mwalimu wa shule nyingine. Mimi siruhusiwi, na ni haki.

Siku hiyo hiyo, kabla sijampa bahasha yako, nilimwambia kila kitu. Nilitegemea kilio, nilitegemea kelele, unajua mdomo wake. Akaninyooshea mkono nimpe bahasha. Halafu akasema, “Kwa hiyo Mama hakukataa kunijibu.” Akaichukua bahasha akaenda chumbani.

Tangu hapo hanisalimii. Siku nane leo. Anakula, anaosha sahani yake, anapita. Darasani amehamia nyuma, karibu na Fundi. Nyumba ilikuwa na kelele nilizokuwa nikizilalamikia kwako kila mwezi, na sasa nasikia friji likinguruma. Ana haki, najua ana haki, na inaniuma vile vile. Nimechoka, mdogo wangu. Nimechoka mpaka kope.

Barua yako aliisoma siku tatu. Alikuja nayo kwenye chumba chetu wakati wa mapumziko, akaweka kikadi juu yake, akaanza neno kwa neno. Mimi nilijifanya nasahihisha. Nilikuwa na daftari lile lile mkononi siku zote tatu. Siku ya pili akakwama. Akainua macho, akanikuta namtazama, akageuka akamwita Ndiyo Mwalimu. Naye hakulijua hilo neno. Wakaligawana silabi kwa silabi, wameinama vichwa pamoja, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue yule mtoto nikamsikia anasema, “Hapana. Umeruka moja, rudia.” Neno lenyewe sikulisikia. Siku ya tatu alimaliza, akaikunja, akatoka nje na kuliacha begi lake juu ya kiti. Nililibeba mimi mpaka nyumbani. Hakusema asante, nami sikuitaka.

Leo asubuhi nimekuta bahasha kwenye meza ya jikoni. Ameifunga kwa gundi nyingi mpaka imeshikana na kitambaa cha meza, nikaibandua kwa kisu taratibu isichanike. Juu ameandika KWA MAMA, na chini yake, kwa herufi kubwa zaidi, MAMA MKUBWA USIFUNGUE. Herufi moja imegeukia upande usio wake. Nimeitazama mpaka chai ikapoa.

Imo humu. Sijaigusa.

Dada yako